Kuoga kwa Mama Délice

Libérate Nizigama alizaliwa na hasira zake, hakuzichukua kwa mtu. Kule Luberizi, watoto wenzake walipotumwa shambani kufukuza ndege wa mpunga, walipiga debe na kuimba. Yeye aliwatukana ndege mmoja mmoja, tena kwa Kirundi safi, na ndege walihamia shamba la jirani. Mama yake akasema mtoto huyu ataolewa na kiziwi au hataolewa kabisa. Akaolewa na Onesphore, fundi viti wa Songo, hapa Uvira, mwanamume mwenye masikio mazima kabisa, ambaye kila mkewe alipofoka alicheka, anacheka mpaka mke mwenyewe naye anaanza kucheka. Waliishi hivyo miaka ishirini na sita, wakamzaa Délice, ndiyo maana mtaa wote unamwita Mama Délice.

Mtu huyo ndiye waliyemwita mfumu, mganga wa kienyeji. Mwanamke aliyefundisha katekisimu parokiani tangu ujana wake, mpaka wale aliowafundisha wakazaa na kumletea watoto wao awafundishe. Mwanamke anayejua jina la kila mtoto, na jina la shangazi wa kila mtoto, na nani anakuja hajala. Huyo ndiye walisema anawavua watu nguo uani kwake na kuwaogesha dawa. Damu ingemchemka hata malaika.

Lakini tuanzie mahali pake. Mwaka ule wa mafuriko, mto Mulongwe ulipoacha njia yake na kushuka mjini na mawe, miti na mabati ya watu, Onesphore alikuwa ameshavuka. Alikuwa salama upande wa juu, viatu mkononi. Akamsikia mbuzi wa jirani analia kwenye kamba, akarudi kumfungua. Mbuzi aliokoka. Onesphore walimpata ziwani siku ya tatu, na walimtambua kwa mshipi wake. Kwenye mazishi, padri wa wakati ule, ambaye sasa amehamishwa, alisimama mbele ya kaburi akasema ni mapenzi ya Mungu, sisi wanadamu hatuna la kuongeza. Alisema kwa nia njema, hilo halina ubishi. Ila Libérate alisikia kitu kikimkaba kooni. Jumapili iliyofuata, kanisa zima likisali Baba Yetu, akafika kwenye "utakalo lifanyike" na sauti haikutoka. Akangoja wenzake wapite, akaungana nao kwenye mkate wa kila siku. Jumapili ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Mwishoni akazoea: anafunga kinywa pale, anakifungua mbele kidogo, na hakuna anayejua. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Na huku ni mwalimu wa katekisimu. Kila Jumamosi anao watoto thelathini na wanne wanaojiandaa kwa komunyo ya kwanza, na hawezi kuwafundisha Baba Yetu yenye tundu katikati. Basi alifanya ujanja. Akifika pale anauliza, nani anajua inayofuata? Mikono inapaa, anamchagua mmoja, mtoto anaisema, naye anasema vizuri sana, endelea. Miaka miwili ilipita hivyo. Usiku halali. Mchana mgongo umekaza, kifua kimebana, na kila asubuhi yule mbuzi anapita mbele ya nyumba yake, amenenepa, amezaa mara mbili. Alimchukia yule mbuzi kwa moyo wake wote. Aliuchukia mto, aliwachukia waliojenga mtoni na waliokata miti mlimani, na alimnunia Mungu waziwazi, kama unavyomnunia mtu mnayekaa naye nyumba moja.

Mgongo ndio uliompeleka kituo cha afya. Wakampima moyo, moyo mzima. Wakampeleka kwa Consolate Uwimana, binti wa Lubarika aliyekwenda India kusomea kazi ya kunyoosha viungo, akakaa huko miaka mitano, akarudi na diploma na mkeka mwembamba wa mpira. Consolate akamkalisha kwenye ule mkeka, miguu ameikunja, mgongo umesimama, akamwambia afumbe macho na ahesabu pumzi zake. Libérate akamtazama. Akamuuliza kama ametoka Songo kwa mguu, na mgongo huu, kuja kufundishwa kupumua, na je, Consolate alidhani alikuwa akifanya nini miaka hamsini na mitatu yote hiyo. Alirudi nyumbani analalamika njia nzima. Lakini alirudi tena wiki iliyofuata, na wiki ya tatu akalala mpaka jogoo wakamaliza kuwika.

Hapo ndipo akaanza kuogopa. Kitu kinachokupa usingizi lazima ukijue kinatoka wapi. Siku moja alikunja mkeka kabla ya wakati, akamuuliza Consolate ana kwa ana: hao watu wa India, wakikaa hivi, wanamsalimu nani? Consolate hakumficha. Alimwambia kuna wanaosalimu miungu yao, kuna wasiosalimu mtu yeyote, wananyoosha migongo tu waende kazini, na aliyemfundisha yeye alikuwa sista Mkatoliki wa kule kusini mwa India, mwenye rozari kiunoni, ambaye kila alfajiri alikaa hivyo nusu saa kabla ya misa. Jina la kazi hiyo, akasema, ni yoga.

"Weye nionyeshe vyote," Libérate akamwambia. "Kuchagua iko kazi yangu."

Na alichagua kweli, kama anayechagua mchele kwenye ungo. Ile salamu ya kuunganisha mikono na neno la Kihindi aliikataa, mikono yake huungana kwa Mungu tu. Yale maneno ya kurudiarudia ambayo maana yake haijui, aliyakataa pia. Akasema hawezi kutuma barua ambayo hajaisoma. Kilichobaki ni kukaa, mgongo na pumzi. Na kwa kuwa pumzi inataka neno la kutembea nalo, akaipa Baba Yetu, pumzi moja kwa sentensi moja. Anavuta hewa kimya, anaitoa na "Baba yetu uliye mbinguni". Anavuta tena, "jina lako litukuzwe". Akifika pale pake, anavuta, anatoa, lakini neno hamna, anapita. Miezi mingi alipita patupu. Hata asubuhi moja, hakuwa amepanga wala hakutaka, pumzi ikatoka na neno lake ndani: utakalo lifanyike. Ati alilia? Hakulia. Alikasirika akaupiga mkeka kofi, kama mtu aliyeibiwa mfukoni. Kesho yake likatoka tena. Lilitoka kwenye mkeka tu, nyumbani; kanisani koo lilibaki limefungwa vilevile, lakini sasa alijua kwamba neno lenyewe halijafa.

Watu wengi wanadhani mkeka ulimwondolea hasira. Uongo. Hasira zake zipo nzima. Tofauti ni kwamba zamani zilimwendesha, na sasa zinakaa pembeni yake asubuhi, zinangoja zamu ya kusema, na mara nyingine anazinyima zamu. Kwa mwanamke wa namna yake hiyo ilikuwa kazi kubwa kuliko kulima hekta nzima ya mpunga.

Majirani waliona analala. Mwanamke anayelala hufahamika kwa uso. Mmoja akaja na mgongo wake, akaja mwingine na presha yake, wa tatu akaja kwa sababu wenzake wameenda. Kufika Pasaka ya mwaka wa nne tangu mafuriko walikuwa saba, kila mmoja na mkeka wake wa ukindu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajatawanyika kwenda sokoni na shambani. Na kwa kuwa watu wa hapa hawaachi neno la kigeni likae bure, wakaligeuza kitendo. Leo tunayoga? Jana sikuyoga, mtoto alikuwa na homa. Mkubwa wao alikuwa mama mzee Niyonsaba, mama mzazi wa Gédéon. Huyu Gédéon ndiye prezida wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa ambayo majirani husali pamoja kila Jumatano nyumbani kwa mmoja wao. Na mama mzee Niyonsaba, Mungu amzidishie siku, hana meno ya mbele hata moja.

Asubuhi moja Gédéon akamkuta mama yake anarudi, mkeka kwapani, uso umechangamka. Akamuuliza anatoka wapi. Mama mzee akajibu anatoka kuyoga kwa Mama Délice. Lakini kwa fizi zile, y ilipotea njiani, na alichosikia mwanawe ni kwamba anatoka kuoga.

Sasa Gédéon ana bafu. Alilijenga mwenyewe kwa saruji, lina mlango na lina ndoo mbili, na analisifia kwa kila mgeni. Mama yake ana haja gani ya kwenda kuoga nyumba ya mwingine, alfajiri, na wanawake wengine sita? Hapa kwetu kuna kuoga kwa namna moja tu kunakomtoa mtu kwake: ni kwenda kwa mfumu kumwagiwa maji ya majani, kuondoa mikosi. Kila mtu anajua hivyo, na Gédéon akajua hivyo. Hakujisumbua kuangalia kwamba mama yake nywele zilikuwa kavu na kitambaa chake kikavu. Akaenda kusema. Na neno la prezida halitembei peke yake, kila mdomo ulilipa chumvi yake. Jumatano wanawake saba walikuwa uchi uani kwa Mama Délice. Ijumaa walikuwa na majani. Jumatatu ndani ya beseni alikuwemo nyoka, tena wa kutoka ziwani, na kulikuwa na mtu aliyemwona kwa macho yake.

Padri Ildephonse akaitwa. Alikuwa padri kijana, mwaka wa pili hapa, mpole, anayependa mambo yawe na utaratibu. Jumatano iliyofuata shirika lilikutana saluni, ndiyo sebule, kwa Gédéon, viti vikawa haba, watu wakasimama mpaka mlangoni. Gédéon akasoma mashtaka kutoka kwenye karatasi. Libérate akasikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Akamgeukia mama mzee Niyonsaba, akamwomba kwa adabu awaonyeshe watu jinsi wanavyooga.

Mama mzee akashuka kitini taratibu, akakaa chini kwenye saruji ya mwanawe. Akanyoosha mgongo, akafumba macho, akavuta pumzi, akasali Baba Yetu kwa pumzi zake, sentensi kwa sentensi, mpaka amina. Akafumbua macho, akauliza kama aendelee. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kufuta machozi.

"Haiko kuoga, Padri," Libérate akasema. "Iko yoga."

Mtu mwingine angeomba msamaha na kuagiza chai. Gédéon hakuwa mtu huyo. Mtu aliyeaibika mbele ya wageni wake haombi msamaha, anatafuta kosa jingine, na yeye akalipata papo hapo: basi kama si ufumu, ni dini ya Wahindi. Padri akamuuliza Libérate. Libérate akamweleza alichokikataa na alichokichukua, na kwa nini, bila kupandisha sauti, jambo lililomgharimu mno. Padri akauliza maswali mawili, akakubali kwa kichwa, akaanza kufunga daftari lake. Mambo yalikuwa yamekwisha. Hapo akasimama Geneviève.

Geneviève ni dada wa marehemu Onesphore, wifi yake Libérate. Miaka thelathini wamekaa benchi moja kanisani, bega kwa bega. Tangu mazishi walikuwa wakiamkiana vizuri, lakini maongezi ya kweli hayakuwepo tena. Geneviève alikuwa amekonda, macho yamezama, na kila alipokutana na wifi yake asubuhi, ametoka kwenye mkeka na uso wa mtu aliyelala, alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani na kupita zake.

"Padri, minye nina neno moja," akasema. "Wifi yangu Baba Yetu haimalizi. Akifika 'utakalo lifanyike' anafunga kinywa. Mwaka wa nne huu. Nasimama karibu naye, najua. Mumuulize iko nani alimukataza."

Wale waliokuwa wanacheka wakameza vicheko. Maana hilo la kuoga lilikuwa uongo, na hili lilikuwa kweli, na kila mtu aliona usoni mwa Libérate kwamba ni kweli. Angeweza kukana. Angeweza pia kueleza, lakini kueleza kulikuwa ni kumleta Onesphore pale katikati, na mshipi wake na viatu vyake mkononi, mbele ya watu waliosema majani na nyoka. Hakuwa tayari kuwapa Onesphore. Akashika ukingo wa kiti.

"Iko kweli," akasema.

Padri Ildephonse alifungua daftari lake tena, na huo ndio ubaya wa watu wa utaratibu. Alifikiri kidogo, akatoa hukumu ambayo bila shaka aliiona ya haki. Jumapili ijayo Baba Yetu haitaimbwa. Mama Délice atasimama mbele, ataisali peke yake, kwa sauti, nzima. Akiisali nzima, hakuna atakayemsumbua tena, na mkeka wake ni wake. Asipoweza, basi watoto thelathini na wanne watapewa mwalimu mwingine, kwa sababu mtu hafundishi sala asiyoisali. Mwalimu huyo, ikabainika, angekuwa Gédéon.

Wiki hiyo Mama Délice hakuwa mtu wa kukaribiwa. Alfajiri ya kwanza alikaa mkekani, akafika pale pake, na neno lililokuwa likitoka miezi yote hiyo halikutoka. Nalo lilikuwa limesikia habari. Alfajiri ya pili vilevile. Aliwafukuza wanawake wake, akasema hakuna kuyoga mpaka Jumatatu. Siku ya tatu alikwenda kwa Consolate, na Consolate, masikini, kwa nia njema naye, akamshauri ajaribu kuiacha hasira mlangoni kabla ya kukaa.

"Nikiiacha mulangoni," Libérate akamuuliza, "nitaingia na nani?"

Huko India hawakumfundisha jibu la hilo. Walikaa tu pamoja, wawili, bila mkeka, mpaka mgonjwa mwingine alipobisha hodi. Njiani kurudi Libérate aliwaza kwenda moja kwa moja parokiani, aliweke daftari la majina ya watoto mezani kwa padri, aseme chukueni, nimechoka na ninyi. Alifika mpaka langoni. Akawaza Gédéon akisimama mbele ya watoto wake na karatasi yake, akiwasomea Mungu kama anavyosoma mashtaka, na zimebaki Jumamosi nane tu kufika komunyo. Akageuza, akarudi kwake na daftari lake.

Jumapili kanisa lilijaa hata watu wasioonekana tangu Krismasi. Wengine walikuja kumwombea, wengine walikuja kutazama, na Mungu peke yake ndiye anayejua nani alikuwa nani. Watoto wa katekisimu walikaa mabenchi ya mbele kama kawaida. Wakati ulipofika, padri akanyamazisha kwaya kwa mkono, akamwita. Libérate akapanda ngazi mbili, kitambaa cha bluu kichwani, akasimama mbele ya kinasa sauti. Aliwaona wote. Alimwona Gédéon, safu ya pili, amevaa suti. Alimwona Geneviève kwenye benchi lao, na pembeni yake ile nafasi tupu.

Akaanza. Baba yetu uliye mbinguni. Sauti ilikuwa imara. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike. Kisha koo likafunga.

Mtoto mchanga alilia nyuma, akatolewa nje. Gédéon akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejiandaa kwa kazi mpya. Libérate alikuwa hana cha kufanya isipokuwa kile anachokifanya kila siku. Akafumba macho. Akanyoosha mgongo. Akavuta pumzi, ndefu, kinasa sauti kikaitangaza kanisa zima. Na hapo hapo, chini yake, kwenye mabenchi ya mbele, ukasikika upepo: watoto thelathini na wanne walikuwa wamevuta pumzi pamoja naye.

Maana ndivyo alivyowafundisha. Watoto hukimbiza sala, wanaifikia amina kabla hujakaa, na yeye alikuwa amewaambia tu, sentensi moja, pumzi moja, vuta kwanza. Hakuwaeleza alikoitoa. Na Padri Ildephonse mwenyewe, siku ya Pasaka, aliwasifu mbele ya watu wote, akasema watoto wa Mama Délice wanasali kama watu wazima, wanajua wanaongea na nani. Sasa alikuwa amesimama altareni, amesikia ile pumzi, na masikio yake yakapata moto.

"Utakalo lifanyike," Libérate akasema.

Hakusema kama wanavyosema wacha Mungu, shingo imeinama upande mmoja. Alisema kama mtu aliyegombana muda mrefu na mwenye nguvu kuliko yeye, akamwambia mwishowe, haya, fanya, lakini mimi nakutazama. Kanisani watu walisikia ule ukali, wengine wakainua vichwa. Duniani kama mbinguni. Alikuwa amevuka. Sasa maneno yalishuka yenyewe, utupe leo mkate wetu, wa kila siku, utusamehe makosa yetu, kama. Akafumbua macho kwenye "kama", na macho yakaangukia benchi lao, kwa Geneviève.

Koo likafunga tena.

Hakulitegemea hilo. Miaka minne alikuwa akilinda mlango mmoja, na mwizi akaingia kwa mlango wa pili. Akavuta pumzi, watoto wakavuta. Hamna. Akavuta tena, watoto wakavuta tena, na mmoja wao akacheka kidogo, akapigwa kiwiko na mwenzake. Libérate alijua kwamba angeweza kulitamka tu, lile "tunavyowasamehe waliotukosea". Ni maneno, midomo inayaweza. Lakini kwa kulitamka bure asingekuwa tofauti na watu waliomleta hapo. Akamgeukia padri.

"Padri," akasema kwenye kinasa sauti, "hapa bado sijafika."

Hukumu ilikuwa nzima, au watoto waende. Kila mtu aliikumbuka hukumu, na kila mtu alimtazama padri. Padri Ildephonse akatazama mabenchi ya mbele, vile vifua vidogo vinavyongoja pumzi inayofuata. Kisha akainua mikono, akaendelea yeye mwenyewe kutoka pale alipoachia Libérate, na kanisa lote likamfuata mpaka amina. Kwenye matangazo, baada ya habari ya mapato ya shamba la parokia na funguo zilizookotwa, alisema kwa haraka kwamba katekisimu ni Jumamosi saa tatu, kwa Mama Délice, kama kawaida. Samahani hakusema, siku hiyo wala baadaye. Gédéon naye alikuwa anaikagua dari, kama anayetafuta mahali inapovuja. Watu wa namna hiyo hawakosi cha kutazama.

Wakati wa kupeana amani Libérate alikuwa amebaki mbele na watoto, akiwashika mikono mmoja mmoja, wote thelathini na wanne, taratibu kabisa, ili asirudi benchini.

Ila nje hakukwepeka. Geneviève alikuwa amesimama kwenye ukuta wa kanisa, kitenge kimeshikwa kwa mikono miwili kifuani. Libérate alitaka kupita. Wifi yake akamwita, si kwa jina, kwa neno lile la zamani la nyumbani.

"Wifi. Ile 'utakalo lifanyike'. Minye pia siisemi. Tangu siku ya kaka yangu. Natikisa midomo tu."

Libérate akasimama. Na hapo ndipo alipoelewa kitu ambacho hasira zilimziba asikione wiki nzima. Mtu anayesali kwa sauti hasikii kimya cha jirani yake. Ili Geneviève asikie kwamba pembeni yake pamenyamaza, na ahesabu miaka, ilibidi awe kimya naye, mahali pale pale, kila Jumapili. Wanawake wawili, benchi moja, tundu moja, na kila mmoja amedhani yuko peke yake. Hasira ikampanda upya, ikafika mpaka kwenye nywele.

"Na bado ukanisema mbele ya watu."

"Weye ulianza kulala," Geneviève akasema. Sauti ilikuwa imekwisha. "Minye silali. Nikasema umemusahau."

Mkono wa Libérate ulikuwa tayari kwa kofi, tusifichane. Aliutazama uso ule, pua ya Onesphore, paji la uso la Onesphore, macho yaliyozama ya mtu wa miaka minne bila usingizi. Akavuta pumzi. Akaitoa. Hakumpa mkono, hakumkumbatia, hakusema amemsamehe, kwa sababu alikuwa ameshasema mbele ya Mungu na kinasa sauti kwamba hapo hajafika.

"Kesho saa kumi na mbili," akamwambia, akaanza kuondoka. "Uje na mukeka wako, wangu siugawi. Na usilete beseni."